Kitabuni Hamna Msichana

Jumatatu, 8 Oktoba 1923

Mvua tangu alfajiri. Nimepiga deki sinema nzima peke yangu. Safu ya mbele imejaa maganda ya njugu kama banda la kuku. Watu wa mji huu hawawezi kumtazama mtu anakufa bila kutafuna.

Habari ya leo — kanisa letu limeikubali sinema. Miaka yote ilikuwa mlango wa jehanamu. Wiki hii si mlango tena, kwa sababu picha inayoanza Alhamisi imetoka kwenye kitabu. Tena si kitabu cha hivi hivi. Ni Wavunja-Meli wa Skell, kile wanachowazawadia watoto wa shule ya Jumapili wasiokosa hata siku moja kwa mwaka. Mzee Barlow amesimama mimbarini jana akasema kitabu chema hakiwezi kuzaa picha mbaya. Mzee Barlow ana wana saba, wawili wako jela. Angejiuliza kwanza.

Basi Jumamosi mchana watoto arobaini watapelekwa sinema, na wa kuwapeleka ni mwanangu Amos. Amos! Ambaye hajawahi kupita mlango ule. Ambaye mimi mama yake nikirudi kazini hunitazama viatu, kama nimekanyaga kitu.

Kitabu hicho anacho. Alikipata akiwa na miaka kumi na mmoja, akanisomea jikoni majira matatu ya baridi mfululizo, mimi nakanda mkate, maana mimi darasa sijaliona. Siku za shule nilikuwa nalea wadogo zangu. Nilipofika miaka minane nikaingia kiwanda cha kufuma, nikatoka nina sitini na nane. Herufi nimezijua uzeeni, na aliyenifundisha ni mjukuu wangu Selina, binti ya Amos. Alinifundisha sinema humo humo, gizani. Picha hazina sauti, basi kadi ya maandishi ikitokea kwenye pazia ananisomea sikioni, huku kidole chake kinaziandika herufi kiganjani mwangu. Ndiyo maana naandika kwa herufi kubwa kama kadi za sinema, nyuma ya matangazo ya picha zilizopita. Asiyependa asisome. Hakuna anayesoma.

Selina hayupo. Miaka miwili na miezi mitatu sasa. Kwa leo basi.

Jumanne, 9 Oktoba

Nimemwambia Amos ashushe kitabu awasomee watoto kidogo kabla ya Jumamosi. Amesema kiko kichwani, hana haja. Kitabu kiko juu ya kabati. Zamani kila Krismasi alikishusha. Sasa kimekaa mpaka vumbi limeota ndevu. Nilitaka nikipanguse, akasema, "Kiache, Mama." Haya, nimekiacha. Vumbi ni lake.

Hata mimi nakijua chote. Mlinzi wa mnara wa taa anakwenda kisiwa cha Skell kumtafuta nduguye. Huko wamo majambazi wanaowasha taa za uongo ili meli zigonge mwamba waibe mizigo. Kitabuni hamna mwanamke hata mmoja. Kuna mbuzi. Sura ya kumi na tisa mbuzi ndiye anayewaokoa wote. Amos alilia kwa ajili ya yule mbuzi mpaka nikaacha kupika kitoweo cha mbuzi kwa mwaka mzima — na nyumbani kwetu hatujawahi kupika mbuzi, lakini niliahidi.

Mtoto aliyelia vile. Ndiye huyo huyo aliyemwambia binti yake, "Ukipita mlango huu nautia komeo." Selina alikuwa amechaguliwa kwenda kuigiza na watu wa picha waliokuja hapa wakati wa sikukuu ya viwanda. Miaka kumi na tisa, mfumaji hodari, mama yake yuko kaburini. Akapita mlango. Amos akatia komeo. Nilikuwa na kikombe mkononi, sikukirusha. Najuta mpaka leo.

Tangu siku ile hata barua moja haijaja. Hivyo ndivyo nijuavyo mimi.

Alhamisi, 11 Oktoba

Nitaandika polepole.

Mikebe ya picha imefika na treni ya asubuhi. Enoch, fundi wetu wa mashine ya picha, huipitisha kwanza ukumbi ukiwa mtupu, aone kama haikukatika njiani. Mimi nafagia, natupia jicho. Hakuna piano, hakuna watoto wa kusoma kadi kwa sauti.

Mnara wameuchora kwenye kitambaa, unacheza upepo ukivuma. Kisiwa ni machimbo ya mawe. Mbuzi sikumwona. Wamemtoa mbuzi, wametia msichana. Binti ya mlinzi, kumbe mlinzi ana binti, kitabuni hata mke hana. Majambazi wanamfunga msichana mwambani, maji yanapanda.

Kamera ikamkaribia. Ufagio ukaniponyoka.

Amekonda. Nywele wamemsokota kama soseji. Kwenye tangazo jina wameandika Sylvia Dane. Sylvia gani, huyu ni Selina. Kovu la kidevuni ni la kiwanda chetu, alipigwa na mashine namba sita.

Sasa niandike vizuri. Kiwandani mashine mia nane zinapiga pamoja, sikio halina kazi. Wafumaji tunasema kwa midomo bila sauti, na tunasomana kutoka upande huu wa ukumbi mpaka ule. Mimi nimesema hivyo miaka sitini, Selina miaka saba. Kwa hiyo sinema ya mji huu si sinema ya miji mingine. Kadi inasema lake, midomo inasema lake, na sisi tunasoma yote mawili. Mwezi jana mfalme alimpigia magoti malkia, kadi ikasema "Moyo wangu ni mtumwa wako," na midomo yake ikasema, "Umekula vitunguu tena, mwanamke wewe." Ukumbi mzima chini kwa kicheko. Meneja wetu, Bwana Purcell, katoka kusini ambako watu husema kwa sauti. Mwaka wa pili huu anashindwa kuelewa kwa nini tunacheka kwenye mapenzi. Anasema mji huu una moyo wa jiwe.

Kadi ya Selina ilisema: "EWE BAHARI, NICHUKUE MIMI, UMWACHE BABA YANGU."

Midomo yake ikasema: "Bibi. Ni mimi. Barua nne nimekuandikia. Tatu zimerudi. Ya nne sijui. Nataka kurudi nyumbani. Muulize Baba kama atanifungulia."

Halafu mtu akammwagia ndoo ya maji usoni. Kivuli cha ndoo kinaonekana kabisa.

Nimemwambia Enoch airudie. Akairudia mara tatu, hakuniuliza kitu. Yeye hakuwahi kuwa mfumaji, lakini haya anayo.

Picha wameipiga majira ya kuchipua, Enoch ameona kwenye karatasi. Miezi sita swali hilo linazunguka nchi nzima kwenye mkebe, linaonyeshwa kwa watu wanaotafuna njugu, mpaka likanifikia. Na barua tatu zimerudi. Mtu wa posta hupita nikiwa kazini. Nani yuko nyumbani mchana anakula chakula chake, kama si Amos? Sihitaji kusoma midomo.

Jioni nimempakulia Amos pai ya viazi. Nimempa upande ulioungua. Amekula wote akasema asante. Sikusema neno. Mimi Zillah Nuttall, sikusema neno! Nikimwambia, Jumamosi hatakwenda. Na lile swali si langu kulijibu. Ni lake. Ajibu mwenyewe akimtazama usoni.

Ijumaa, 12 Oktoba

Siri yangu imeishi saa kumi tu. Mtoto mjinga, akili nyingi. Alipata njia ya kunisemesha isiyoweza kurudishwa na posta, akasahau kwamba njia hiyo wanaijua wanawake mia nne wa mtaa huu.

Jana onyesho la kwanza ukumbi ulijaa wafumaji. Nilikaa nyuma na ndoo yangu. Mwanzoni walicheka kama kawaida — yule jambazi mkuu anapompiga mlinzi anasema wazi, "Taratibu, bega langu." Kisha Selina. Kicheko kikakatika. Hata njugu hazikusikika. Watu mia sita, kimya, na piano ya Bi Winifred inalia peke yake. Mwanamke mmoja akaanza kulia, wengine wakafuata.

Bwana Purcell alikuja kunishika mikono. "Mama Nuttall, wameguswa. Hatimaye mji huu umeielewa sanaa." Nikamwambia ndiyo, bwana, imewaingia.

Leo mchana Keziah Holt kaja mbio saa ya chakula, bado ana pamba kwenye nywele. Keziah tulifuma naye mashine jirani miaka thelathini. Siri humkaa kama maji kwenye kapu.

"Zillah, tumeona."

"Najua mmeona. Macho mnayo."

"Ukumbi mzima wa mashine unajua. Amos hajui. Tumekubaliana asijue mpaka kesho."

"Nani amekubali?"

"Wote. Wakristo na wasio Wakristo. Hata Peggy Haworth."

"Peggy hajawahi kufunga mdomo tangu abatizwe."

"Nimemwambia akiufungua nitamshonea."

Amos ni fundi wa kurekebisha mashine pale pale kiwandani, anasoma midomo kuliko sisi sote. Kwa hiyo leo kila alipopita wanawake wamempa mgongo. Wanawake mia nne, mgongo. Mbele yake kimya, nyuma yake midomo inakwenda kama mitambo.

Jioni karudi uso umemshuka. "Mama, wafumaji wanapanga mgomo."

"Umejuaje?"

"Hawanitazami. Nimewaona watu wakinichukia, lakini hii si chuki. Ni kitu kimepangwa."

"Labda unanuka," nikamwambia.

Kisha ndipo ikaja habari yenyewe. Anakunywa chai, ananiambia kama habari ya hali ya hewa: hatakwenda kesho. Amesikia kwa Mzee Barlow kwamba wametia mwanamke. "Kitabuni hamna mwanamke, Mama. Siwezi kuwapeleka watoto wakaone uongo. Barlow atawapeleka."

Nikaosha kikombe kilicho safi.

"Na mbuzi wamemtoa," nikasema.

Akaweka chai chini. "Wamemtoa mbuzi?"

"Nimeiona picha nzima. Mbuzi hayupo."

"Sasa sura ya kumi na tisa wanatokaje pangoni?"

"Ndiyo nakuuliza wewe uliyesoma. Mimi ningekuwa najua kuandika vizuri ningekwenda na kalamu, nikaandika makosa yao yote moja moja, nikawapelekea kampuni wakasome. Lakini nani atafanya? Barlow? Barlow kitabu hajakimaliza."

Akasimama, akachonga penseli.

Mungu anisamehe. Ama asinisamehe, shauri yake, lakini kesho aende.

Jumamosi, 13 Oktoba

Saa kumi na moja jioni. Naandika huku nasimama na kukaa, kuna mambo yanaendelea.

Saa nane mchana Amos kaingia sinema na watoto arobaini wawili wawili, viatu vyao vya mbao vinagonga sakafu kama mvua ya mawe. Kofia kaivua mlangoni, kama kanisani. Nimekaa kiti cha pembeni yake. Nimevua aproni. Nyuma yetu nikageuka — safu zote zimejaa wafumaji. Onyesho la watoto! Keziah kaja na mtoto wa kuazima.

Taa zikazimwa. Kadi ya kwanza ikatokea, watoto wakaisoma kwa sauti moja, ndiyo desturi yao, zamani waliwasomea mabibi zao. Amos akaanza kuandika gizani. Nilikuwa nasikia penseli. Mnara wa duara, penseli. Mlinzi hana ndevu, penseli. Anajifurahisha, nilimjua. Bega lake limelegea. Mara moja kacheka, jambazi aliposema habari ya bega, kisha akakohoa kuificha.

Msichana akaingia kwa mgongo, anabeba taa. Penseli. Akageuka.

Penseli ikasimama.

Sikumtazama. Nilitazama pazia. Nilisema moyoni nikimtazama atasimama atoke, kama alivyotoka kwenye mazishi ya mkewe, akakae chooni mpaka watu waondoke. Hakutoka. Maji yakapanda mwambani. Kadi ikaja, watoto arobaini wakapiga kelele, "EWE BAHARI, NICHUKUE MIMI, UMWACHE BABA YANGU!" Wenyewe hawajui wanasema nini, mmoja anapenga kamasi. Na midomo ya Selina ikasema yake. Bibi. Ni mimi.

Nilipomtazama Amos mwanga wa picha ulikuwa usoni kwake. Midomo yake inatikisika. Si sala. Alikuwa anajibu, kwa lugha ya kiwandani, bila sauti, taratibu kama mtu anayesema na aliye mbali.

"Ninayo," alisema. "Ya nne ninayo."

Ndoo ikamwagwa. Nyuma yangu wafumaji, najua, wote walikuwa wanatazama kisogo chake. Kisogo hakina midomo, lakini walisoma.

Tumewarudisha watoto kanisani, akawahesabu, wote wapo. Tumetembea mpaka nyumbani. Watu wamesimama milangoni, hakuna aliyetusalimia, na haikuwa jeuri. Kona ya mtaa wetu ndipo akafungua mdomo.

"Hawakumtia mbuzi."

"Nilikwambia."

Ndani hakuvua koti. Akapanda kiti, akashusha kitabu kutoka kabatini. Vumbi likamwangukia. Katikati ya kurasa, sura ya kumi na tisa, bahasha. Haijafunguliwa. Jina langu juu yake.

Nikamuuliza, "Zile tatu ulizirudisha?"

"Nilizirudisha."

"Hii mbona hukuirudisha?"

"Posta ilikuwa imefungwa."

"Mwaka na nusu, Amos?"

Akasema, "Sikuifungua, Mama. Ni yako." Huyo ndiye mwanangu. Mwaminifu kupita kiasi. Barua ya mtu hafungui, anaificha tu.

Nikampiga. Kofi moja, la begani, maana uso siufikii tena. Kisha nikamshika kichwa, nikakikumbatia, kimejaa vumbi la kabati, na yule mtu wa miaka arobaini na nane akalia kama alivyomlilia mbuzi. Nikamwambia, mpumbavu wewe, mpumbavu wangu. Sikumwambia basi nimekusamehe. Hayo baadaye, tukiwa na nafasi.

Nimeifungua kwa kisu cha mkate. Niliogopa. Mwandiko wa watu siujui, unaungana kama nyuzi zilizotatana. Kumbe Selina ameandika kwa herufi kubwa, moja moja, kama kadi ya sinema. Ili nisimwombe mtu kunisomea. Na ile barua imekaa mwaka na nusu juu ya kichwa changu, nikipika chini yake.

Juu kabisa ameandika nyumba na mtaa, London.

"Soma hapo tu," Amos kasema. "Mahali. Mengine ni yenu."

Nimesoma kwa sauti, herufi kwa herufi. Akageuza ile karatasi ya makosa ya picha akaandika nyuma yake. Niliyaona makosa. Tisa. La kumi kaandika namba peke yake, halafu mstari mrefu unaoshuka mpaka ukingoni.

"Mwaka na nusu," nimemwambia. "Huenda kahama."

"Nitauliza nyumba ya pili."

"Na kama hawajui?"

"Watu wa picha wana ofisi. Nitauliza huko."

"Treni ya saa kumi na mbili ikikufikisha Manchester, ile ya London itakuingiza Jumapili asubuhi."

Amos hapandi hata baiskeli Jumapili, siku ya Bwana. Jumapili hanyoi ndevu, hapigi kiatu rangi, mbwa wa jirani akibweka anamtazama vibaya. Alikuwa anafunga mkanda wa sanduku. Hakuinua kichwa.

"Najua siku zinavyofuatana, Mama."

Sasa yuko mbele ya kioo ananyoa. Keshajikata mara mbili. Komeo kalitoa kabisa, limelala mezani na misumari yake karibu na siagi, na mlango umebaki wazi, baridi yote ya Oktoba inaingia. Nje Keziah anajifanya anafagia ngazi ambayo si yake.

Mimi nakata mkate. Vipande sita, vinane. Nyama baridi, kachumbari ya vitunguu anayoipenda Selina, ambayo Amos haigusi. Naifunga kwenye kitambaa.

Amos ananitazama kwenye kioo, povu mashavuni. Anauliza kwa midomo, bila sauti, mkate wote huo ni wa nani.

Sasa nakata jibini, la watu wawili.